Dirisha la Tiketi, Muheza

Nauli iliposhuka kutoka elfu nne
hadi elfu moja na mia tano,
stesheni masta alibandika tangazo kwa uji wa sembe
maana gundi ilikuwa imekauka,
na mbuzi wa Mzee Mdoe wakaila kona moja kabla ya saa nne.
Ndipo nilipoamini.
Habari za uongo hubandikwa vizuri zaidi.

Kabla ya hapo nilizijua safari kwa nyuso.
Elfu nne ilikuwa nauli ya msiba,
ya kumpeleka mgonjwa Bombo, kanga kafungwa kichwani,
nauli ya mahari, ya kesi ya shamba.
Mtu alilamba kidole, akahesabu noti,
akaniuliza mara mbili: "Na kurudi?"
Hakuna aliyepanda treni kwa kupenda tu.

Sasa wanakuja na sababu ndogondogo.
Mwanahawa anakwenda Tanga kubadilisha zipu.
Vijana wa Genge wanakwenda Mkwakwani kuangalia mpira,
wanarudi kana kwamba wamefungwa wao, sauti zimekauka.
Mama Shekiondo, aliyekuwa akiuza machungwa kwa lumbesa
kwa mwenye lori, kwa bei ya mwenye lori,
sasa anabeba vikapu viwili, Jumanne na Ijumaa,
anauza moja moja pale Ngamiani,
jioni anashuka ananukia maganda na sarafu.
Mwenye lori hunitazama kwa jicho la husuda,
utadhani nauli niliipunguza mimi, jikoni kwangu.

Treni ya alfajiri, iliyokuwa ikipita na viti vitupu,
siku hizi watu wanasimama mpaka Pongwe.
Ya saa saba imebaki ya wazee na kuku.

Na Semhando, fundi wa bandarini,
aliyekuwa akija kwake mwisho wa mwezi kama mgeni,
kuku achinjwe, shuka lipigwe pasi,
sasa analala kwake kila usiku.
Mkewe aliniambia hapa dirishani, kicheko nusu:
"Kuku wamepumzika, dada.
Ila mume ndiyo kwanza naanza kumjua.
Kumbe anakoroma. Kumbe bamia hali."

Lipo jambo ambalo halikuandikwa kwenye tangazo.

Bi Mwanamkuu ana mwana Korogwe.
Miaka tisa mwana akisema, "Nauli, mama,"
na neno hilo lilikuwa na heshima yake.
Mama alilipeleka kwa majirani kama cheti:
mwanangu angekuja, ila nauli.
Tangazo lilipotoka, wiki ya kwanza alifagia uwanja.
Wiki ya tatu alikuja stesheni na kigoda chake,
akawatazama wanaoshuka, miguu kwanza, kisha nyuso.
Wiki ya sita alikaa nyumbani.
Ya saba akasukuma noti mbili chini ya kioo,
zimekunjwa ndogo, zina joto la kifuani.
"Nipe ya kwenda."
"Na kurudi, Bi?"
"Ya kurudi nitajua nikishamwona uso."

Nikagonga muhuri. Nikagonga tena,
wa kwanza haukuwa na wino.

Wengi tulijibanza nyuma ya ile elfu nne.
Ilikuwa ukuta mzuri, mnene, usio na lawama.
Umeshushwa, na kila mtu anaonekana alipokaa.

Nasema "tulijibanza," nami ni mfanyakazi wa reli.
Nina pasi. Tangu niajiriwe sijalipa hata senti.
Baba yangu yuko Mnyuzi, hapo mbele tu,
mtu hamalizi hata karanga za kifungu kimoja.
Akipiga simu humwambia: zamu, baba.
Naye hujibu: haya, zamu. Kazi njema.

Treni ya saa kumi imechelewa dakika ishirini.
Nahesabu chenji, naanza upya, nakosea palepale.
Pasi imo kwenye droo, chini ya kitabu cha risiti.
Kona zake zote nne zipo.